Kungwi Aliyekalia Mlango

Hakuna harusi iliyofungwa kwenye kilima chetu, kule juu ya Soni, ambayo haikupita kwanza mikononi mwa mwanamke mmoja mfupi, mwenye wanja mzito machoni na koti la kiume mwilini. Koti lile alilinunua kwenye marundo ya mitumba, siku za mwanzo kabisa mitumba ilipoanza kupanda huku milimani. Lilikuwa koti la mzungu mrefu, zito, lenye vifungo vikubwa vya kahawia, na kwa ufupi wake lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Alilivaa juu ya kanga zake mwaka mzima, Julai baridi inapouma na Januari jua linapochoma. Tulimwita Kungwi. Jina lake nalijua, lakini hata mama yangu, aliyekua naye, alimwita hivyo hivyo.

Sitamsafisha. Alikuwa mkali, mdomo wake ulikuwa mchafu akiwa na wanawake peke yao, na mbele ya wanaume alikuwa mpole kiasi cha kutia mashaka. Alinusa ugoro. Nyumbani kwa mtu hakukaa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Alitembea na kigoda chake kwapani, akakiweka anapotaka yeye, na mara nyingi alitaka katikati ya njia. Ukimletea chai alikunywa nusu, nusu akaimwaga nje, akakwambia majani ni machache. Binti akimwamkia kwa sauti ndogo hakuitika. "Sikusikia," alisema, na binti akarudia shikamoo mpaka isikike nyumba ya tatu.

Alichukia mwanamke kuvaa suruali. Rafiki yangu mmoja alirudi likizo kutoka chuo cha Tanga na suruali ya jinzi, Kungwi akamfukuza na kijiti cha mti wa mwati mpaka uani kwao. Tulimuuliza mbona yeye anavaa koti la mwanamume. Akasema hilo si koti, ni blanketi lenye mikono. Mumewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, aliyerudi kukaa nyumbani moja kwa moja baada ya kiwanda cha mbao kufa. Kungwi alimnawisha mikono kwa kupiga goti, akampakulia kwanza, akasubiri amalize. Sikuwahi kumsikia akimjibu.

Lakini ni mwanamke huyo huyo aliyeingia kwenye kibanda cha video.

Ilikuwa miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa. Ruksa kufungua duka, ruksa kuuza dola, ruksa kuleta nguo za wafu wa Ulaya. Pale Soni kijana mmoja akafungua kibanda cha mabati, akaweka televisheni na jenereta, na jioni akawa anaonyesha picha za uchi. Wanaume wa kilima walishuka kwa miguu kwenda kuona. Wake zao walianza kuja kwa Kungwi na mambo ambayo hawakuwahi kuyasikia: mume anataka hivi, anataka vile, anasema wenzako wanaweza. Kungwi aliwasikiliza. Jumamosi moja saa kumi alishuka Soni, akalipa kiingilio, akaweka kigoda chake mbele kabisa, karibu na kioo cha televisheni, akakaa. Wanaume waliokuwa ndani wengi walikuwa wamemwita mama tangu utoto. Mwenye kibanda akamwomba atoke.

"Nimelipa," akasema. "Washa."

Aliwasha. Kungwi alitazama kidogo, kisha akageuza kigoda, akaipa televisheni mgongo, akaanza kuwatazama wao. Walitoka mmoja mmoja wameinamisha vichwa. Aliporudi juu, mama akamuuliza ameona nini.

"Nimemwona msichana anaumia na mtu anamshikia taa," akasema. "Sisi tulidhani tunafunda watoto wetu. Kumbe na wao wana kungwi wao, na anawafunda ujinga."

Nimeanza na hilo kwa sababu watu hulisimulia wakicheka. Yanayofuata hawayasimulii wakicheka.

Mafunzo yake ya zamani, yale aliyowapa wanawake wa umri wa dada yangu Zaina, yalikuwa na sentensi moja iliyobeba nyingine zote: mume harudishwi mlangoni. Bibi harusi alikaa ndani kwa siku kadhaa, akapakwa, akafukizwa, akaimbiwa, na katikati ya nyimbo Kungwi alimshika kidevu na kumuuliza. Umechoka, unafanya nini? Nampa. Unaumwa? Nampa, kisha nalala. Umekasirika? Nampa, hasira itaisha. Dada alinionyesha mimi yale maswali baada ya harusi, akiigiza sauti ya Kungwi, na tulicheka mpaka mama akagonga ukuta. Zaina alikuwa mwepesi wa kucheka. Akicheka alishika kitu cha karibu, mti, mlango, bega la mtu, kana kwamba asiposhika ataanguka.

Aliolewa na mwenye lori. Wakati ule mtu mwenye lori alikuwa mfalme. Kabichi, karoti na hoho zilikuwa zinashuka Mombo kila siku kwenda Dar es Salaam, na yeye alipanda na kushuka mara mbili kwa wiki, anarudi na magodoro, mablanketi, redio za kaseti. Alikuwa mtu wa heshima. Alimwamkia mama yangu kwa kuinama. Sote tuliona Zaina amepata.

Alijifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, kwa shida kubwa. Alichanika, akashonwa. Nesi alimwita yule mwanamume kando, akamwambia waziwazi mbele yangu kwamba mkewe asiguswe mpaka arobaini itimie na kidonda kipone. Akaitika, "Nimeelewa, sista." Akatupakia kwenye lori akaturudisha.

Arobaini haikufika hata nusu. Asubuhi moja Zaina alitokea nyumbani kwetu na mtoto mgongoni, anatembea miguu mbalimbali, anashikilia kingo za matuta ya shamba.  Mama alimlaza kitandani kwake, mimi nikachukua mtoto. Mchana mume akafika na kilo mbili za sukari.

"Shikamoo mama. Nimemfuata mwenzangu."

"Marahaba. Anaumwa."

"Ataumwa akiwa kwake, mama. Mimi ndiye mwenye kumuuguza."

Mama alijua jambo hili limemzidi, na kwa kilima chetu mambo ya chumbani yalikuwa na hakimu mmoja. Akanituma nikamwite Kungwi. Alikuja na kigoda chake, akakiweka karibu na kitanda. Mimi nilibaki mlangoni na mtoto.

"Amekuingilia?"

"Ndiyo."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwomba asubiri. Nilimwambia nyuzi zinauma, bibi."

"Ulikataa."

"Nilimwomba."

 Kungwi alitoa ugoro, hakuunusa, akaurudisha mfukoni mwa koti.

"Nilikufundisha nini?"

Zaina akageukia ukuta.

"Nilikufundisha nini, Zaina?"

"Mume harudishwi mlangoni."

"Basi rudi kwako. Kalia maji ya moto na chumvi kila jioni. Itapona. Zetu zote zilipona."

Akarudi. Nilimsindikiza mpaka kwenye mikaratusi, nimembebea mtoto. Mumewe alitangulia mbele na mfuko wa nguo, mpole, anatuonyesha penye utelezi.

Wiki haikuisha. Walimshusha kwenye lori lile lile, amelazwa juu ya magunia, ana homa na damu haikatiki. Hospitali walihangaika naye. Alfajiri akafariki. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Waliomwosha ni Kungwi na mwanamke mwingine mzee wa ukoo. Mama hakuweza. Mimi nilikuwa na birika. Kungwi aliosha kama alivyoosha wote kabla yake, kwa utaratibu, upande wa kulia kwanza, anasoma kwa sauti ya chini. Alipofika pale, akasimamisha mkono. Alitazama kwa muda. Yule mwenzake akasema, "Funika." Kungwi akasema, "Mwaga maji." Nikamwaga. Alimaliza kila kitu, akamtia manukato, akamkafini, akamfunga. Machozi hayakumtoka. Akavaa koti lake juu ya kanga zilizolowa, akatoka nje, akaenda moja kwa moja walikosimama wanaume na jeneza, mahali ambapo mwanamke haendi.

"Wazee, shikamooni," akasema.

Wachache waliitika.

"Anayeosha maiti hufundishwa afiche alichokiona. Nimeosha wanawake wa kilima hiki tangu ujana wangu, na nimeficha mengi, wengine ni mama zenu. Leo sifichi. Mtoto huyu alishonwa hospitali, na nyuzi zake zimechanwa. Zimechanwa, zikaachwa, zikachanwa tena. Aliyezichana ni yule pale mwenye kanzu. Na aliyemrudisha kwake achanwe mara ya pili ni mimi."

 Sheikh, mtu mwema kwa kweli, akasogea karibu naye. "Mama, haya si ya kusemwa hapa."

"Yasemwe wapi, sheikh? Niambie mahali, nitakwenda."

Sheikh akawaashiria wanaume. Walibeba jeneza wakaondoka. Mwenye lori alitia udongo kama wengine, akarudi akala, akapokea pole. Jioni baba yangu mdogo alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kuuliza kama kuna la kufanya. Balozi akamwuliza kama alikuwa mume wake wa ndoa. Ndiyo. Basi, akasema balozi, mimi nitaandika nini.

Siku ya tatu Kungwi alikuja kwetu. Mama alikuwa amekaa jikoni, mtoto wa Zaina mapajani, tunamlisha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Kungwi hakuweka kigoda. Alisimama.

"Sijaja kukuomba msamaha," akasema. "Hutakiwi kunisamehe. Nimekuja unipe kazi."

"Kazi gani?" mama akauliza.

"Yule mtu asilale na mwanamke tena."

 Mama yangu alikuwa mwanamke wa kuswali, wa kusema haidhuru, mwenye kuwapa wengine njia. Sijui nilitarajia aseme nini.

"Nimekupa," akasema.

Mwaka ulipopita mwenye lori akachumbia pale pale Soni, kwa watu wenye duka. Kungwi alisikia, akashuka. Hakualikwa. Alisalimia, akaweka kigoda katikati ya wanawake waliokuwa wanachambua mchele wa harusi, akachambua nao kwa muda, halafu akawaambia. Hakuongeza chumvi. Alieleza alichokiona kwa mkono wake mwenyewe, na alieleza kwa kutumia maneno yenyewe, si yale ya kuzungusha. Bibi harusi alikuwa amekaa pale pale. Nyanya yake akainuka, akakusanya zawadi zote za mwanamume, akazifunga kwenye kanga moja, akamtuma mtu azirudishe kabla ya adhuhuri.

Akachumbia Bumbuli. Kungwi alipanda magari mawili kufika, akalala kwa watu asiowajua, akasema, akarudi. Akachumbia Mombo, chini kabisa kwenye joto, na huko baba wa binti alimtoa Kungwi nje kwa fimbo. Akazunguka nyuma ya nyumba akasemea dirishani. Binti akafungua dirisha akamwambia arudie, hakusikia vizuri mwanzo. Na harusi hiyo nayo haikufungwa.

Siku moja ya soko mwenye lori alimkuta Kungwi kwenye marundo ya kabichi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nauza karoti.

"Bibi, unataka kunifanya nini?"

"Wewe bado hujafanywa kitu."

"Nitakushtaki."

"Nishtaki. Hakimu ataniuliza nilisema nini, nami nitasema tena, na karani ataandika. Nilikuwa natafuta mahali pa kuyasemea."

Akashusha sauti. "Mimi ni mwanamume, bibi. Unajua mwenyewe. Wewe ndiye unayewafundisha."

Hapo ndipo nilipomwona Kungwi anabadilika uso. Alichukua kabichi moja, akaipima mkononi, nikadhani atamrushia. Akairudisha kwenye rundo.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana sikuachi."

Mafunzo yake yaligeuka. Nilipoolewa mimi, nikiwa na miaka ishirini na mitano, alinifunda kwa mtindo ambao dada yangu asingeutambua. Nyimbo zilikuwa zile zile, ubani ule ule. Lakini aliponishika kidevu aliniuliza: umechoka, unafanya nini? Nikajibu, nalala. Anataka na wewe hutaki? Namwambia hapana. Kisha akanipeleka kwenye migomba nyuma ya nyumba, akanitaka niseme hapana kwa sauti. Nilicheka kwa aibu. Akanizaba kofi la begani.

"Usicheke. Ukicheka atadhani unadeka. Sema kama unamfukuza ng'ombe kwenye mahindi."

Nilisema mpaka koo likakauka. Kisha akanikalisha, akaniambia habari za mwili wangu mwenyewe ambazo hakuna aliyewahi kuniambia, wapi raha yangu iko, na kwamba raha ile Mungu aliiweka kwangu kwa ajili yangu, si zawadi ya mtu mwingine kunipa akijisikia. Alisema hayo kwa sauti ile ile ya kueleza namna ya kupika makande. Nilimuuliza mbona hakumwambia hivyo Zaina.

"Sikuwa nayajua," akasema. "Mimi nilifundishwa kumtunza mtu. Kujitunza sikufundishwa."

Alikuwa na sharti jingine lililowaudhi wengi: alitaka amfunde na bwana harusi. Mchumba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikalishwa nje ya dirisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu ndani haruhusiwi, na Kungwi akamhoji kupitia dirishani.

"Akikuambia hapana unafanya nini, mwalimu?"

"Nitamuuliza kwa nini."

"Kwa nini unataka kujua?"

Mwalimu akajiweka sawa kwenye ndoo.

"Nitalala, bibi."

"Lala vizuri," akasema Kungwi, akafunga dirisha.

Nyumba nyingi zilimwacha. Mama wenye mabinti walianza kuagiza kungwi kutoka Korogwe, anayefunda kama zamani. Waumini wa msikitini walisema anavunja ndoa, akina mama wa kanisani nao wakasema hivyo hivyo. Alikosa kanga za zawadi, alikosa mchele, koti likaanza kuchakaa viwiko na hakununua jingine. Lakini wanawake waliokwisha kuolewa walikuwa wanakuja kwake kwa mlango wa nyuma, wakisingizia kuomba moto.

Mwishowe mwenye lori alipata mke. Alimtoa mbali, Dodoma huko, kwa watu wasioijua hata njia ya kuja huku. Alimleta na sanduku na sweta jipya, msichana mrefu aitwaye Rehema, ambaye baridi yetu ilimliza. Watu walimtazama Kungwi waone atafanya nini. Hakufanya kitu. Alikwenda akamsalimia, akampelekea ndizi, akamfundisha kuwasha moto kwa kuni mbichi. Mama akamwambia, "Umechoka." Kungwi akasema, "Nasubiri." Rehema alikuwa na mimba.

Siku Rehema aliporudishwa kutoka hospitali na mtoto, Kungwi alikuwa ameshafika. Kigoda kilikuwa kwenye kizingiti, yeye juu yake, koti limefungwa mpaka shingoni, anamenya maharage. Rehema alipita juu ya magoti yake akaingia. Mwenye lori akataka kupita.

"Bibi, pisha."

"Nyumba yako hii. Chakula utaletewa nje."

"Utaondoka lini?"

"Arobaini ikitimia."

Alidhani ni mzaha. Jioni alimkuta pale pale, kajifunika gunia miguuni. Kesho yake akaleta kaka zake wawili, watu wenye ndevu. Mmoja akamshika Kungwi bega. Sisi majirani tulikuwa tumeshajaa uani. Kungwi hakuinuka. Aliweka chini sinia la maharage, akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Mniguse," akasema. "Nitavua koti, nitavua kanga, nitavua yote, na mtanitazama. Mlitokea hapa hapa mnapopachezea. Halafu nendeni mkalime muone kama kitaota kitu."

Kwetu mwanamke wa umri wa mama yako akikuvulia nguo kwa makusudi, hiyo ni laana isiyo na dawa. Alikuwa amefika kifungo cha tatu. Yule aliyemshika bega aliondoa mkono kama ameungua, na wote wawili wakashuka njiani bila kumuaga kaka yao.

Tangu siku ile hakukaa peke yake. Mama yangu alikwenda na mkeka, akakaa kando yake. Nami nilikwenda kila nilipopata nafasi. Walikuja wanawake wa Kiislamu na wa Kikristo, waliomnyima mabinti zao na wasiomnyima, wengine na vigoda vyao. Tulimenya maharage ya kilima kizima. Tulipika uji, tukamwogesha mtoto, Rehema akalala usingizi aliouhitaji. Ilikuwa Julai. Mwenye lori alilala kwenye kebini ya lori lake chini barabarani, na asubuhi tulimsikia akiwasha injini apate joto. Nakumbuka furaha yangu kila injini ilipoguruma. Nilikuwa nafumba macho nikimfikiria Zaina juu ya magunia, nikaomba baridi izidi.

Arobaini ilipotimia Kungwi akainuka, akakunja gunia, akaenda zake. Mwenye lori hakuingia ndani. Nadhani hakuweza tena kuvuka kizingiti kile wanawake wote wakijua. Alihamia Dar es Salaam kabisa. Rehema alibaki, akalima matuta yake, akauza karoti pale nilipokuwa nauza mimi, akawa mmoja wetu. Sitadanganya kwamba Mungu alimpiga yule mtu. Nasikia ana malori manne na mkewe wa huko anavaa dhahabu. Lakini hapandi huku. Baba yake alipofariki alikuja kuzika na kurudi siku hiyo hiyo, na wanawake walisimama kando ya barabara kuanzia mikaratusi mpaka kwenye daraja, wamenyamaza, wanamtazama kwenye kioo cha gari. Mtoto wa Zaina alikuwa amesimama na mama yangu. Hakuambiwa apungie mkono, na hakupunga.

Na mpaka leo, mzazi akirudi nyumbani na mtoto mchanga kwenye kilima chetu, mwanamke mmoja wa makamo hukaa mlangoni kwake siku za mwanzo. Wasichana wa sasa wanadhani ni mila ya tangu enzi.

Mara ya mwisho kumwona Kungwi nilikuwa nimekuja likizo kutoka Tanga, tulikohamia mume wangu alipopata uhamisho. Nilimpelekea sukari na majani ya chai. Alikuwa amezeeka sana, ila wanja ulikuwepo. Mumewe, yule seremala, alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande mmoja umekufa na maneno yamekwisha, mkono wa kushoto tu ndio uliobaki na uhai. Alikuwa amelala kitandani kwenye chumba cha mbele, na chumba kilinuka mkojo.

Kungwi alikuwa ameandaa beseni la maji ya moto, sabuni na kanga safi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akainama.

"Nikuguse?" akamuuliza.

Mzee akafumba macho. Mkono haukusogea.

Kungwi akaweka kitambaa kwenye beseni, akainuka, akaja kukaa nami. Akamimina chai. Nilimuuliza kwa nini hamwogeshi, naye amelowa.

"Hajakubali. Akikubali huinua mkono. Asubuhi hukasirika, hukataa. Juzi alikataa mpaka alasiri."

"Na wewe unamwacha?"

"Sasa nimlazimishe?"

Alikunywa chai yake. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida, mzee akisikia kila neno, kwamba aliletwa katika nyumba ile akiwa hajui hata jina la mtu aliyemwoa, na katika miaka yote waliyoishi, watoto wote aliomzalia, mtu yule hakuwahi kumuuliza hata mara moja. Hakumpiga. Hakumtukana. Hakumuuliza tu.

"Kwa hiyo mimi namuuliza," akasema. "Nikimgeuza, namuuliza. Nikimlisha, namuuliza. Nikimfuta, namuuliza. Kila siku, kila nikimkaribia. Hana la kufanya ila kusikia."

"Watu wanasema unamtunza vizuri, bibi. Wanasema umesamehe."

"Wanasema." Akatoa ugoro, akaunusa taratibu. "Mtu anayejua kusoma kama wewe unaonaje?"

Niligeuka nikamtazama yule mzee. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama, na machozi yalikuwa yanashukia sikioni upande ule uliokufa ambao hawezi kuufuta. Nilitafuta huruma ndani yangu. Ilikuwepo kidogo, chini kabisa, sikuinama kuiokota.

"Naona chai yako ina majani ya kutosha," nikasema.

Alicheka, na sikuwahi kumsikia akicheka hivyo, kifua chote. Tulikunywa vikombe viwili. Maji kwenye beseni yalipoa, akayapasha tena. Jua lilikuwa limeshafika dirishani mkono wa mzee uliposogea kwenye blanketi, ukainuka kidogo, ukaanguka.

Kungwi aliuona. Alimalizia chai iliyobaki kikombeni, yote, akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya gauni.

"Uso kwanza au miguu?" akamuuliza, akasubiri.